Pima jua la mwezi wa kiu kabla ya kununua pampu ya sola

Anayechagua pampu ya sola kwa kutazama ekari tu huishia na tanki lisilojaa mwezi Oktoba, au na paneli za ziada ambazo fedha zake zingenunua mipira ya umwagiliaji wa matone. Kabla ya kwenda dukani, jua nishati ya jua inayofika kwenye mita moja ya mraba kwa siku, mwezi kwa mwezi. Vituo vinavyopima mionzi yenyewe ni vichache, lakini joto la juu na la chini la siku hupimwa karibu kila kituo cha hali ya hewa, na hilo linatosha kuanzia.

Anga likiwa jeupe, ardhi hupata joto jingi mchana na kulipoteza upesi usiku. Mawingu huzuia yote mawili. Hapo ndipo ilipotoka kanuni ya watafiti Hargreaves na Samani: toa joto la chini kwenye joto la juu, tafuta kipeuo cha pili cha tofauti hiyo, zidisha kwa 0.16 (pwani tumia 0.19), kisha zidisha kwa mionzi iliyopo juu ya angahewa. Namba hii ya mwisho hutegemea latitudo na mwezi, na majedwali yake yamo katika mwongozo namba 56 wa FAO (Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa) wa mwaka 1998.

Chukua bustani ya nyanya Dodoma, takriban nyuzi 6 kusini. Julai, mionzi ya juu ya angahewa ni megajuli (kipimo cha nishati) 31.4 kwa mita ya mraba kwa siku. Tuseme wastani wa joto ni 27 na 14: tofauti 13, kipeuo 3.61, jibu megajuli 18.1. Gawa kwa 3.6 upate kilowati-saa 5.0. Oktoba mionzi ya juu ni 38.2. Joto likiwa 31 na 17, jibu ni kilowati-saa 6.3 hivi.

Wengi hukosea hapa: huchukua jua la mwezi hafifu kuliko yote na kulioanisha na maji ya mwezi wenye kiu kuliko yote. Gawa mahitaji ya maji ya kila mwezi kwa jua la mwezi huohuo. Bustani ikihitaji mita za ujazo 14 kwa siku Julai na 20 Oktoba, unapata 2.8 na 3.2, kwa hiyo Oktoba ndiyo inayoamua ukubwa wa mtambo.

Sasa zidisha mita za ujazo 20 kwa kimo cha mita 30 (kuanzia usawa wa maji kisimani pampu ikiwa inavuta hadi mdomo wa tanki, pamoja na msuguano wa bomba), kisha kwa 0.002725 (kilowati-saa za kuinua mita moja ya ujazo kwa mita moja): kilowati-saa 1.64. Pampu na mota zikiwa na ufanisi wa asilimia 40, umeme unaotakiwa ni kilowati-saa 4.1. Gawa kwa 6.3, kisha kwa 0.75 kufidia joto na vumbi: kilowati 0.87, yaani wati 870 hivi. Paneli tatu za wati 300 zinatosha. Ungetumia jua la Julai kwa maji ya Oktoba, ungenunua nne.

Kanuni hii ni ya wastani wa wiki au mwezi. Kwa siku moja moja hudanganya. Huyumba pia penye upepo mkali na kando ya ziwa, ambako maji hupunguza tofauti ya joto. Kipimajoto kilichotundikwa kwenye ukuta unaopigwa na jua au chini ya bati huongeza joto la juu, na jua la kwenye karatasi linazidi lililopo shambani. Kiweke kwenye kisanduku cheupe chenye matundu pembeni, karibu mita 1.5 hadi 2 juu ya ardhi.

Kituo kikikupa saa za jua kali, hakiki: gawa saa hizo kwa urefu wa mchana, zidisha kwa 0.5, ongeza 0.25, kisha zidisha kwa mionzi ya juu ya angahewa. Saa 9 kati ya 11.7 za Julai hutoa megajuli 19.9, juu kidogo ya 18.1. Pima pampu kwa namba ndogo.