Namna ya Kutafsiri Picha la Kisasi Lenye Mapenzi Ndani

Picha la kwanza kuliharibu kwa mdomo wangu mwenyewe, nikilitafsiri kwa Kiswahili kwenye maiki huku watu wakitazama, lilikuwa Ghajini, picha la kutoka India. Ilikuwa 2011, kibanda umiza kimoja cha Mbagala, yaani banda la kuonyeshea video, mabenchi ya mbao, kiingilio shilingi 200, sabufa ikigonga mpaka mabati yanaitikia. Vijana wa benchi la mbele walikuja kuona ngumi. Kila wimbo ulipoanza walipiga kelele, "Peleka mbele!" nami nikapeleka mbele. Mapenzi yote ya Sanjay na Kalpana nikayabana yakawa kama dakika kumi. Mwishoni stelingi, yaani mhusika mkuu Sanjay, alipomfikia adui wake na kummaliza, banda lilikaa kimya kama watu wanaosubiri daladala. Mama mmoja aliyekuwa akiuza vitumbua pale nje, ambaye alikuwa ameegemea mlangoni tangu jioni, akaniuliza, "Mwanangu, kwani yule dada alikuwa nani wake?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Jibu lilikuwa kwenye zile nyimbo nilizozirusha. Tangu siku hiyo nimelitafsiri picha hilo mara nyingi, na nawaandikia vijana wanaotaka kushika maiki wasije wakaulizwa swali kama lile. Mapicha ya kisasi ni mengi na mengi hayahitaji zaidi ya pumzi na sauti nzito. Haya yaliyobeba mapenzi tumboni ndiyo yanayotaka kazi.

Anza kwa kuhakikisha umepewa picha unalolitaka. Ghajini ziko mbili, zote za mwongozaji A.R. Murugadoss. Ya Kitamil ni ya 2005 na stelingi ni Suriya. Ya Kihindi ilitoka Desemba 2008 na stelingi ni Aamir Khan. Dada ni yuleyule, Asin, na adui ni yuleyule, Pradeep Rawat, kwa hiyo ukipewa flashi iliyoandikwa "Gajini" tu unaweza kujiandaa kwa moja ukajikuta mbele ya watu na nyingine. Alama rahisi ni kwamba kwenye ya Kitamil maadui wakubwa ni mapacha. Hapa nazungumzia ya Kihindi. Na kabla hujabonyeza deki, waambie watu kabisa kwamba Ghajini ni jina la adui. Mtaani wengi wanamwita stelingi "Gajini", na ukiacha kosa hilo, siku Kalpana atakapolitamka jina lile kwa pumzi ya mwisho nusu ya banda watadhani anamwita mpenzi wake.

Litazame mara tatu kabla ya siku yenyewe. Linapita saa tatu kidogo, kwa hiyo tenga usiku wako. Mara ya kwanza tazama kama mtazamaji, usishike kalamu. Mara ya pili kaa na daftari, andika dakika na tukio, nani anaongea na nani. Mara ya tatu geuzia skrini mgongo usikilize tu. Hapo utasikia mahali ambapo muziki unashuka, na hapo ndipo utakapotakiwa kunyamaza. Mimi nyumbani mke wangu hunisikiliza nikiwa nimegeuka ukutani, naye hunionyesha kwa kidole nikianza kusema juu ya pumzi ya mtu mwingine.

Sasa uelewe fundo la picha lenyewe, maana usipolijua utafungua mahali pasipo. Sanjay Singhania ni tajiri mwenye kampuni ya simu. Kalpana ni mwanamitindo anayehangaika na matangazo madogomadogo. Kwa ajili ya bango moja la biashara, uvumi unazuka kwamba tajiri yule anampenda, na Kalpana anauacha uendelee kwa sababu umempandisha kazini. Sanjay anakuja kumkabili huyu msichana anayemtumia jina. Anamwona, moyo unalegea, anajitaja kuwa Sachin, kijana asiye na kitu. Wanapendana hivyo. Kalpana anauawa kabla hajajua kwamba Sachin ndiye Sanjay.

Hapo pana kanuni moja ambayo siivunji. Kalpana akiwa kwenye skrini, namwita kijana "Sachin" tu. Kalpana akitoka, namwita "Sanjay". Hata nikiwa nimechoka, hata mtu akiniuliza jambo katikati. Baada ya nusu saa banda zima linaibeba siri ile pamoja nami, na mtu akilitaja jina la Sanjay mbele ya Kalpana wenzake wanamnyamazisha. Siku ya kufa kwake sisemi maneno mengi. Nasema, "Kalpana anakufa akimjua Sachin. Sanjay hajamjua." Kisha nashusha maiki.

Jambo la pili ni nyakati. Picha linaanza na Sanjay wa sasa, mtu aliyepigwa chuma kichwani, ambaye kila dakika 15 kumbukumbu inafutika. Amejichora majina na maagizo kifuani, amebandika picha ukutani. Inspekta wa polisi anamfuata mpaka nyumbani kwake, anakuta diary ya 2005, na anapoisoma tunarudi kwenye mapenzi. Baadaye inakuja ya 2006. Watu wa bandani hupotea hapa kuliko mahali pengine popote, na kuwatangazia "sasa tumerudi nyuma" kila mara kunachosha. Kiswahili chenyewe kina dawa. Mambo ya leo yaseme kwa -na-: anapanda ngazi, anafungua mlango, anatazama ukuta, hajui yuko wapi. Mambo ya diary yaseme kwa -li- na -ka-: alimwona barabarani, akasimama, akasahau alichokuja kusema. Ukishikilia hivyo dakika ishirini za mwanzo, sikio la mtu linajua lipo wapi kabla jicho halijajua. Nimewahi kuona mzee asiyeona vizuri akilifuata picha zima kwa njia hiyo.

Zile dakika 15 nazo usizihubiri. Ieleze mara moja, vizuri, mwanzoni. Baada ya hapo, kila anaposahau, uliza swali analojiuliza yeye: "Nani amenichora haya?" Watazamaji watamjibu wenyewe. Mimi husikia wakimwambia majina, wakimwonyesha adui kwa vidole. Yeye hakumbuki, lakini banda linamkumbukia, na utamu wa picha lile uko hapo.

Kuhusu maneno, msikilize Mhindi kwa makini, maana ana maneno ambayo ni ndugu wa ya kwetu. Akisema *mohabbat*, hiyo ni mahaba. *Qatil* ni muuaji, na sisi tuna katili. *Waqt* ni wakati, *duniya* ni dunia. Lililonishika zaidi ni *badla*. Kwao ni kisasi, na shina lake ni lile la Kiarabu lililotupa badala na kubadili. Tangu nilipolijua sikuona tena kisasi cha Sanjay kama hasira tupu. Ni mtu anayedai badala ya kitu kisicho na badala. Pale neno la Kihindi linapofanana na letu, liache lisikike kwenye spika kwanza, halafu wewe useme la kwetu. Watu hufurahi kugundua kwamba wamelielewa kabla yako.

Wapo wanaowapa wahusika wote majina ya mtaani. Mtafsiri Lufufu, yaani Derek Mukandala, ambaye kanda zake za VHS zilinilea, alijua kulileta picha karibu na watu kwa maelezo na mizaha, na nampa heshima yake. Lakini kwenye picha la namna hii naweka mpaka. Vijana wa Ghajini waite Kipara, Fulana Nyekundu, utakavyo. Wapenzi waachie majina yao. Jina la Kalpana limechorwa kwenye mwili wa mtu. Ukimwita Mwajuma, ule mchoro unakuwa uongo.

Sauti ya Kalpana usiibane puani. Wanaume wengi tukisema maneno ya mwanamke tunafanya sauti nyembamba ya kuchekesha, na kwa dada huyu ni dhambi kubwa. Ni mtu wa maneno mengi, mwepesi wa kucheka, anaingilia shida za watu asiowajua. Sema kwa sauti yako ya kawaida, ila haraka zaidi, na umalizie sentensi juu. Sachin mpe sentensi fupi. Halafu angalia wanavyoitana. Mwanzoni namtolea Kalpana "kaka Sachin", kwa masihara kidogo. Baadaye "Sachin". Neno "mpenzi" silitumii kabisa mpaka karibu na mwisho wa mapenzi yao, kwa hiyo linapotoka akina dada wa nyuma huguna. Mtafsiri anayesema "mpenzi" tangu dakika ya kwanza hana kitu cha kutoa baadaye.

Na nyimbo usiziguse. Muziki ni wa A.R. Rahman, na mashairi yanasimulia hadithi. Tafsiri mstari mmoja wa mwanzo, mmoja wa katikati, basi. Vijana wakipiga kelele za "peleka mbele", waambie bila hasira: mkiruka hapa mtamwona mtu anaua, hamtajua kwa nini. Kwangu huwatosha.

Kisa cha treni ndicho daraja, na hakitaki haraka. Kalpana anasafiri, anakutana na wasichana wadogo wanaosafirishwa kwenda kuuzwa, anawaokoa. Kwa wema huo Ghajini anamtafuta. Bandani kuna mabinti na kuna wazazi. Mara nyingi hapa nasikia mama akimvuta mwanawe karibu. Sema kinachotendeka kwa maneno safi, usikitie chumvi. Hapa ndipo mapenzi na kisasi vinaposhikana mkono: alivyo Kalpana ndivyo vilivyomfanya apendwe, na ndivyo vilivyomuua.

Wakati wa kuuawa kwake, sheria yangu ni kuzima maiki kabisa kwa swichi, maana ukiiacha wazi watakusikia unavyohema. Mapigano ya mwisho, hayo tafsiri kwa nguvu zote. Panda na Sanjay, taja kila adui anayeanguka, waache vijana wasimame kwenye mabenchi. Wamekaa saa tatu, hiyo ni haki yao. Ila chunga kitu kimoja: katikati ya vita ile Sanjay anasahau, na Ghajini anamdhihaki kwa kumsimulia alivyomuua Kalpana. Sauti ya adui iwe ya chini hapo, karibu ya upole. Ukipayuka, maneno hayaumi.

Kwa vifaa sina mengi. Sauti ya picha ipunguze nusu unapoongea, uipandishe unaponyamaza, kwa mkono wako mwenyewe, usimwachie mtoto wa bosi. Maiki iwe umbali wa ngumi moja kutoka mdomoni. Umeme ukikatika usikae gizani kimya. Simulia ulipofikia, kwa -li- na -ka-, mpaka urudi. Kuna usiku nilisimulia karibu saa nzima kwa mwanga wa tochi ya simu na hakuondoka mtu.

Kisha zinabaki zile dakika baada ya adui kufa, ambapo wengine huwasha taa na kuanza kutangaza picha la kesho. Usifanye hivyo. Sanjay yuko na watoto yatima, kumbukumbu bado haishiki. Sunita, mwanafunzi wa udaktari aliyekuwa akimfuatilia, anamletea zawadi. Akifungua, ni kipande cha simenti chenye nyayo za Kalpana, za siku walipoingia nyumba mpya. Anazigusa kwa vidole, na kwa muda kidogo Kalpana yuko naye pale kwenye benchi. Kabla zawadi haijafunguliwa mimi husema maneno mawili tu, "Miguu yake," nikazima maiki. Yule mama wa vitumbua sasa hukaa benchi la pili, na hapo huwa ameshashika ncha ya kanga. Subiri majina yaanze kupanda kwenye skrini, ndipo uwashe taa.