SOMO: Kasa aliyenasa wavuni usimrudishe baharini kabla hujamkagua

Wanachama, habari zenu. Somo hili nililiahidi tangu kusi kuanza, na wiki iliyopita mzee mmoja anayevua kwa jarife, ule wavu mkubwa wa kutega, alinikumbusha kwa uchungu. Alfajiri alimtoa kasa wavuni, akamwona mzito na kimya, akamsukuma majini akiamini anamnusuru. Maji yalipokupwa alimkuta kando ya mwamba amekufa. Mzee yule hana kosa. Sote tumelelewa tukiambiwa kasa ni wa bahari, basi mpe bahari yake. Lakini kasa anavuta hewa kwa mapafu kama mimi na wewe, na kasa aliyezimia ukimtia majini unamzamisha kwa mara ya pili.

Kasa wa kijani aliyetulia chini anaweza kukaa saa kadhaa bila kupumua. Akinasa mambo hubadilika. Anapigana na wavu, hewa inamwishia upesi, sumu ya uchovu inajaa kwenye damu, kisha anazimia. Hapo moyo wake unapiga polepole mno, na wewe ukimtazama unasema huyu maiti. Kwa hiyo shika neno moja tu, hata mengine yote yakikupotea: kasa asiyejitikisa hajafa mpaka zipite saa 24.

Hatua ya 1: Punguza watu, tafuta kivuli

Waombe watoto wasogee. Simu zisimmulike machoni. Usimburute kwa mapezi wala kumning'iniza kwayo, maana viungo vyake vinateguka. Mshike gamba, mmoja mbele juu ya shingo na mwingine nyuma juu ya mkia. Kasa wa kijani mkubwa hupita kilo 100, huyo anataka watu wanne. Angalia vidole vyako visikaribie mdomo, hasa kwa ng'amba na duvi, aina nyingine za kasa, wanauma kweli.

Mweke kwa tumbo, kamwe si chali. Akilala chali, viungo vya ndani vinayalemea mapafu.

Hatua ya 2: Mkague

Anainua kichwa akivuta pumzi? Mapezi yote manne yanajitupa ukimnyanyua, kana kwamba anaogelea hewani? Macho yako wazi? Kama majibu yote ni ndiyo na hana jeraha, huyo ni mzima. Andika namba ya kibati kama anacho kwenye pezi, pima urefu wa gamba kwa utepe wa fundi cherehani, kisha nenda hatua ya mwisho.

Kama hajibu, gusa taratibu pembe ya jicho kwa ncha ya kidole, halafu minya kidogo ngozi ya mkia. Kope ikicheza au mkia ukijikunja, yuko hai. Asipojibu chochote, bado tunamhesabu hai.

Hatua ya 3: Aliyezimia

Hapa ndipo kasa wengi wanapotupotea, someni polepole.

Weka gunia la mchanga au ubao chini ya nusu yake ya nyuma, mkia uwe juu kuliko kichwa kwa sentimita 15 au zaidi. Maji yaliyoingia kwenye mapafu yatatoka yenyewe kidogo kidogo kwa mdomo na pua. Kila baada ya muda mtikise kwa upole: nyanyua ukingo mmoja wa gamba kiasi cha upana wa kiganja, ushushe, kisha upande wa pili. Ile desturi ya kumgeuza na kumkandamiza tumbo ili atapike maji tuiache kabisa. Inamuumiza na haimsaidii.

Mfunike gamba kwa khanga iliyoloa maji ya bahari. Kichwa na pua viwe wazi. Usimtie ndani ya beseni, pipa wala kidimbwi cha mwambani, hata kama maji ni ya kufika kifundo cha mguu. Usimpe chakula, usimmiminie maji mdomoni. Rudia kumgusa jicho na mkia kila baada ya saa tatu, si kila dakika tano, maana kila mguso unamchosha.

Mwaka jana mwezi wa nane tulikaa na mmoja, kasa wa kijani ambaye bado hajakua, gamba lake kama sentimita 50. Alitolewa kwenye jarife magharibi. Saa mbili usiku, kimya. Wenzangu wawili wakaenda zao kulala, wakaniambia nimzike asubuhi. Saa tano nikamgusa pembe ya jicho, kope ikatetemeka kidogo, kama ya mtu anayeota. Nikaloanisha tena khanga nikakaa. Saa nane na nusu akainua kichwa, akafungua mdomo, ikatoka pumzi kwa kishindo kama chupa ya soda iliyotikiswa, ina harufu ya majani ya bahari. Nililia, sioni haya kusema. Hata hivyo hatukumwachia usiku ule. Tulimweka kivulini siku nzima iliyofuata, mpaka akawa anapumua mara kwa mara na kuyatupa mapezi yote.

Hatua ya 4: Nyavu, mshipi na ndoana

Kata wavu kwa mkasi, au kwa kisu huku makali yakielekea nje. Nyuzi zilizoning'inia kata zote. Zile zilizozama ndani ya nyama ya pezi ziache, ni kazi ya daktari wa wanyama.

Ndoana iliyo nje na ncha yake inaonekana: kata ile ncha yenye mwiba kwa koleo, kisha irudishe ilikoingilia. Ndoana iliyomezwa usiivute. Mshipi ukiuona umetoka mdomoni, au hata nyuma chini ya mkia, usiuvute pia, kwa sababu unaweza kumkata utumbo. Kama kasa anakwenda kwa daktari, acha kipande cha mshipi kama urefu wa mkono, ukifungie kwenye gamba kwa plasta ili asikimeze. Daktari ataufuata huo mshipi kuifikia ndoana.

Akiwa ameota magamba madogo magumu mgongoni, wengi hukimbilia kuyabandua kwa kisu. Msifanye hivyo. Yakijaa mpaka kwenye ngozi laini ya shingo na mapezi, ni dalili kwamba ameugua siku nyingi na haogelei vizuri. Huyo hata akionekana mchangamfu, mwiteni mtaalamu.

Hatua ya 5: Kupiga simu na kusafirisha

Kenya kasa wote wanalindwa na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013, basi anayestahili kujua kwanza ni KWS (Shirika la Wanyamapori la Kenya) au BMU, kikundi cha usimamizi wa ufuo wenu. Watamu kuna Local Ocean Conservation, ambao wana kituo cha kutibia kasa, na wamekuwa wakishirikiana na wavuvi tangu miaka ya tisini. Tanzania Bara mpigie afisa uvuvi wa wilaya, na Sea Sense, shirika la kuhifadhi viumbe wa baharini, wana watu wao katika vijiji vingi vya pwani. Namba hizi zitafuteni leo, mziandike ukutani kwenye banda la kuhifadhia nyavu. Mimi niliwahi kupiga simu ofisi moja tangu saa kumi na mbili asubuhi ikapokewa saa tano, na kasa alikuwa na ndoana kooni. Tangu hapo nina namba nne, si moja.

Njiani mlaze juu ya tairi kuukuu au godoro, khanga mbichi mgongoni, bila maji chini. Nyuma ya pikapu wazi pasipo kivuli, gamba linachemka. Kwenye gari lenye kiyoyozi kizimeni.

Hatua ya 6: Kumwachia

Mzima tu. Mpeleke mahali pasipo nyavu, injini iwe imezimwa, mshushe taratibu. Kisha simama umtazame. Anatakiwa azame, aende, aibuke mbali kuvuta pumzi. Akielea juu kama boya, mrudishe.

MASWALI YA WANACHAMA

Mvuvi wa jarife, Msambweni: Mwalimu, shikamoo. Nimekuelewa, ila wavu wangu nikiukata nani ananilipa? Kasa mmoja amenipasulia pima tatu na watoto wanataka kula.

Marahaba kaka. Swali hili ndilo la haki kuliko yote, na wanaolikwepa hawajawahi kushona wavu. Watamu mvuvi anayetoa taarifa hupewa kitu kidogo cha kufidia muda, simu na uharibifu. Si bei ya kasa, kwa sababu wakilipa bei ya kasa itakuwa biashara. Kwenu ulizeni BMU kama kuna utaratibu. Kama haupo, ombeni uwekwe, nami niko tayari kuja kwenye kikao. Wakati huo huo, wavu usiulaze usiku kucha juu ya majani ya bahari, maana kasa wa kijani huja kula palepale. Ukiukagua mara nyingi zaidi, utamkuta hajazimia, na wavu hautakuwa umepasuka sana.

Mama wa watoto wanne, Pangani: Wanangu wameleta vitoto vya kasa kumi na viwili ndani ya beseni la maji. Vinaogelea tu bila kupumzika. Niwape nini wale?

Dada, vitoe majini sasa hivi. Kitoto kipya kinatoka kwenye yai kikiwa na akiba ya kiini cha kukitosha siku kadhaa, na nguvu hiyo ameumbiwa kuvuka mawimbi mpaka kwenye maji makuu. Ndani ya beseni anaimaliza akizunguka. Tia mchanga mbichi kwenye ndoo, viweke humo, funika kwa kitambaa, weka mahali pa giza na baridi. Usivilishe. Jua likizama nenda navyo ufuoni pale vilipookotwa, taa zote zizimwe, viweke mita kadhaa kutoka majini vitambae vyenyewe. Usivitupe baharini kwa mkono. Na wanao uwasifu, maana wamekuletea badala ya kuvichezea.

Mwanachama, Mtwara: Huku tulimwona kasa amepanda kutaga, machozi yanamtiririka. Wazee wanasema anawalilia wanawe.

Ni chumvi. Ana tezi karibu na macho za kuitoa chumvi ya maji anayokunywa, na baharini hatuyaoni hayo machozi. Huyo hakuhitaji kuokolewa. Mkae nyuma yake, bila tochi, mpaka arudi.

Kijana wa boti za watalii: Kuna kasa hapa anaelea upande mmoja, nyuma iko juu. Tumembeba tukamwachia mbali mara tatu, anarudi juu tu. Tumfunge jiwe azame?

Hapana, kijana wangu, tafadhali. Huyo ana hewa tumboni au kwenye mapafu. Mara nyingi ni plastiki imeziba utumbo, chakula kikaoza na kutoa gesi. Hawezi kuzama kula, na boti zitamgonga. Mtoeni, khanga mbichi, kivuli, simu. Kituoni atakaa wiki nyingi, pengine miezi, mpaka atoe alichomeza. Mara hizo tatu mlimpenda, sasa mpeni daktari.

Mwanachama, Pemba: Samahani kwa swali hili. Kasa akishakufa kweli, kuna ubaya kumla? Ni nyama imepatikana.

Usiombe samahani. Nakujibu kwa uzito wote: msile. Mwezi Machi 2024, Kisiwa Panza hapo hapo kwenu, watu tisa walifariki baada ya kula nyama ya kasa, wanane kati yao watoto, na wengine 78 wakalazwa. Novemba 2021 Pemba ilikwishazika watu saba kwa sababu hiyohiyo. Sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha wala kukaanga, na hakuna alama ya nje ya kumjua kasa mwenye sumu. Mama anayenyonyesha akila, mtoto anaipata kwenye maziwa. Kasa aliyekufa mwitieni afisa uvuvi apime, kisha mzikeni mbali na maji ya bamvua, na mnawe mikono kwa sabuni.

Mwanachama, Kipumbwi: Mwalimu, nimesoma hili nikiwa ufuoni. Tuna ng'amba hapa tangu saa moja asubuhi, tulishamchimbia kaburi. Nimemweka gunia nyuma kama ulivyosema. Maji yametoka puani, mengi. Hajitikisi.

Vizuri, maji kutoka ni jambo jema. Mna kivuli? Loanisha khanga. Msubiri mpaka saa kumi, kisha mguse pembe ya jicho, mara moja tu.

Mwanachama, Kipumbwi: Saa kumi na dakika tano. Jicho limefumba nilipoligusa.

Basi fukieni hilo kaburi mtoto asije akatumbukia. Mmoja wenu akae naye usiku, awe na maji ya bahari ya kuloanishia na tochi iliyofunikwa kitambaa. Afisa uvuvi wenu mpigie sasa kabla hajatoka kazini, mwambie ni ng'amba na mwambie saa mliyomtoa. Mimi simu yangu iko wazi mpaka asubuhi.