Jeli imelegea baada ya kuivuta? Jinsi ya kujua ni bondi gani zimekatika

Umetengeneza haidrojeli yako, umeivuta, imerudi imelegea. Ndani kuna kitu kimekatika, swali ni kipi. Kuna jaribio la kuvuta na kuachia, rahisi tu, ila wengi wanalisoma vibaya.

Jeli ni minyororo ya polima (molekuli ndefu sana) iliyofungwafungwa pamoja kwa bondi, maji yamejaa katikati. Ukianza kuvuta, minyororo iliyojikunja inanyooka kwanza, bondi hata hazijasikia. Ukizidisha ndo kani inafika kwenye vifungo vyenyewe, na hapo bondi za ayoni (chaji zinazovutana) na za haidrojeni, ambazo ni dhaifu, zinaachia mapema wakati za kovalenti (atomi zinazoshirikiana elektroni) bado zimeshika, hizo kuzikata papo hapo unahitaji kani ya nanonyutoni (sehemu ya bilioni ya nyutoni) kadhaa kwa bondi moja. Afu usifikirie kwamba kila bondi ina kani yake maalum ya kukatikia, hapana, joto linaitikisa muda wote na ipo siku ingeachia yenyewe, kani inafupisha tu huo muda, na inaufupisha vibaya sana, ukiongeza kidogo muda unaporomoka. Mwanafizikia George Bell aliliandika hilo 1978.

Haya, kata vipande vya bechi moja, unene sawa, kingo safi (ukingo wenye meno unachanika hapo hapo na jaribio limekufa). Vipake mafuta ya silikoni visikauke. Kimoja kivute taratibu hadi mara mbili ya urefu wake huku ukirekodi kani, kiachie kwa kasi ile ile, kisha bila kusubiri kivute tena.

Chora grafu ya kani na urefu. Mstari wa mvuto wa pili ukilala juu ya wa kwanza, hakuna kilichokatika, minyororo ilinyooka tu. Ukishuka chini, kuna bondi zimeondoka. Sasa kipande kingine kivute vile vile ila kipumzishe kwanza ndo ukivute mara ya pili: kikipata nguvu tena, zilizoachia ni zile zinazojirudisha, yaani za ayoni na za haidrojeni. Ila usiwe na haraka ya kuhukumu, watafiti wa Harvard mwaka 2012 walikuwa na jeli ya polima mbili, aljineti na poliakrilamaidi, inavutika zaidi ya mara 20, na kuirudishia nguvu waliiweka kwenye nyuzi 80 siku nzima na bado haikurudi yote. Ukisubiri dakika tano ukasema kovalenti zimekatika utakuwa umejidanganya.

Mtego mwingine ni maji, na huu ndo unaowakamata wengi. Ukivuta, maji yanahamahama ndani ya jeli, nayo yanapoteza nishati, kwenye grafu utadhani bondi zinaachia. Dawa yake rudia kwa kipande kinene na chembamba, ukivivuta na kuvishikilia hapo. Kani ikishuka polepole zaidi kwenye kinene, hayo ni maji, bondi hazijali unene.

Bado unashuku kovalenti? Zikikatwa kwa kuvutwa nyingi zinaacha radikali (vipande vyenye elektroni isiyo na mwenzake). Loweka jeli kwenye ayoni za chuma mbili (Fe2+) pamoja na rangi ya zailenoli ya chungwa, ivute: radikali zinasababisha chuma mbili kugeuka chuma tatu (Fe3+) na rangi inabadilika palipokatika. Fanya mbali na hewa kadiri unavyoweza, oksijeni nayo inageuza chuma, na kipande ambacho hakijavutwa kiwe pembeni cha kulinganishia.