Namna ya Kuchagua Nguo za Mtoto Mchanga

Mtoto mchanga hubadilishwa nguo mara nyingi, usiku na mchana, na anayembadilisha mara nyingi ni mzazi aliyepungukiwa na usingizi. Kwa hiyo, kabla ya kutazama rangi na mapambo, chunguza jinsi nguo inavyofunguka. Nguo inayofunguka mbele kuanzia shingoni hadi miguuni, kwa vifungo vya kubonyeza au kwa zipu iliyokingwa kwa kitambaa upande wa ndani, huvalishwa mtoto akiwa amelala chali bila kusumbuliwa kichwa. Ikiwa ni ya kupitishwa kichwani, chagua yenye shingo pana na mabega yanayopishana, kwa kuwa choo kikivuja hadi mgongoni unaweza kuivua kwa kuishusha miguuni badala ya kuipandisha usoni.

Kipande cha kitovu kwa kawaida hudondoka ndani ya wiki 2 hivi za mwanzo. Hadi hapo, epuka suruali yenye mpira unaobana kiunoni, na ukunje nepi ikae chini ya kitovu ili kipate hewa na kukauka.

Kuhusu vipimo, watoto wengi waliotimiza miezi tisa tumboni huzaliwa wakiwa na urefu wa karibu sentimita 50 na uzito wa kilo 2.5 hadi 4. Namba 50, 56 au 62 kwenye lebo huonyesha urefu wa mtoto kwa sentimita, nazo ni za kuaminika kuliko umri wa miezi, ambao kila kiwanda huupima kivyake. Nunua chache za kipimo kidogo kabisa, maana huwabana baadhi ya watoto baada ya wiki chache tu, lakini usikimbilie kubwa mno, kwani shingo iliyolegea huweza kupanda na kumfunika mtoto pua anapolala.

Kitambaa cha pamba, laini na kinachopitisha hewa, ndicho kinachofaa zaidi. Igeuze nguo ndani nje na upapase mishono, lebo na nyuma ya tarizi, kwa sababu nguo iliyopendeza kwa nje huweza kukwaruza kwa ndani. Ifue kabla ya kuvaliwa kwa mara ya kwanza, kwa sabuni isiyo na manukato.

Nguo za kurithi kutoka kwa watoto waliotangulia ni nzuri, na kwa maoni yangu mara nyingi hushinda mpya, kwani zimekwisha kulainika. Hata hivyo, zikatae zilizohifadhiwa kwa vidonge vya naftalini vya kufukuzia nondo. Mtoto aliyezaliwa na upungufu wa kimeng'enya kinacholinda seli nyekundu za damu (G6PD), hali ambayo wazazi huenda hawaijui bado, akipata naftalini huvunjika seli nyekundu za damu na kupata manjano kali inayoweza kudhuru ubongo. Tena dawa hiyo inaweza kubaki kwenye kitambaa hata baada ya kufuliwa.

Kuhusu joto la mwili, kanuni ya kawaida ni kumvika mtoto tabaka moja zaidi ya zile zinazomtosha mtu mzima mahali hapohapo. Usimpime kwa viganja wala nyayo, ambazo huwa za baridi hata akiwa salama, bali gusa shingo kwa nyuma au kifua: pakiwa pamoto au pana jasho, mpunguzie. Joto kupita kiasi huongeza hatari ya kifo cha ghafla usingizini, na ndiyo maana kofia huvuliwa anapolazwa ndani ya nyumba. Aliyezaliwa kabla ya wakati au mwenye uzito mdogo avikwe kama wahudumu wa afya walivyoelekeza.

Kataa nguo zenye kamba au utepe shingoni, pamoja na vishikizo na shanga zinazoweza kung'oka zikamezwa. Soksi na glavu zigeuzwe kila mara, kwani uzi mmoja uliochomoza huweza kujizungusha kwenye kidole na kuzuia damu. Mtoto anayelia bila sababu inayojulikana akaguliwe vidole. Koti nene nalo livuliwe kabla ya kumfunga kwenye kiti cha gari, kwani huacha mikanda ikiwa imelegea, kisha afunikwe blanketi juu ya mikanda.