Kabla Hujaiamini Ramani ya Maporomoko ya Ardhi Kigoma

Mvua za Kigoma huanza Oktoba au Novemba. Ukitaka kupima hatari ya maporomoko kwa kompyuta, kazi ya uwandani ianze kiangazi. Januari makorongo hayapitiki, na boti za vijiji vya kaskazini husubiri ziwa limeamkaje.

Programu ya kukokotoa tope litashukaje na litafika wapi isikuumize kichwa. r.avaflow ni ya bure, RAMMS ya Uswisi ina leseni ya kulipia, na zote zitakupa rangi za kupendeza.

Namba za msuguano, yaani zile unazoipa programu kueleza ardhi inavyokwama au kuteleza ikishuka, ndizo za kuchunga. Nyingi zimepimwa kwenye milima ya Alps, kwa hiyo usizinakili tu. Jaribu kwanza kama modeli yako inaweza kurudia tope la Hanang la tarehe 3 Desemba 2023, lililofika Katesh na kuua watu zaidi ya 80. Kule ni udongo wa volkano, si wa kwetu, lakini angalau utajua modeli yako inadanganya upande gani. Na usitumie namba za kijiporomoko cha kingo ya barabara kukisia mlima mzima: poromoko kubwa huenda mbali zaidi kuliko unavyodhani.

Sasa ramani ya mwinuko. Wengi huchukua ile ya bure, iliyopimwa kwa rada kutoka angani Februari 2000, kila kipande mita 30 kwa 30. Nimewaona wataalamu wa mradi mmoja wakitandaza ramani ya hatari waliyoikokotoa juu ya hiyo, kwenye mkutano wa kijiji kando ya ziwa. Tope jekundu lilishuka mlimani, likatawanyika, likafia kwenye mihogo. Nyumba zote salama. Mama mmoja muanika dagaa akauliza, "Na korongo letu liko wapi?"

Halikuwemo. Ni jembamba, kwa hiyo ndani ya kipande cha mita 30 lilisawazishwa pamoja na kingo zake likapotea. Na korongo ndilo linalolibana tope na kulisukuma hadi mwaloni. Tukapanda nalo. Mawe ya kufika kiunoni yamekaa juu ya mchanga, mbali na mwamba wowote. "Wanangu," mzee aliyetuongoza akasema, "haya hayakuota hapa." Kijiji chenyewe kimekaa juu ya mzigo ulioshushwa na korongo hilo zamani. Ramani ilipofanywa upya kwa picha za droni, wekundu ulipita katikati ya vichanja vya dagaa. Kwa hiyo omba kibali cha droni mapema, na tembea korongo kwa miguu kabla ya kuwasha kompyuta.

Mteremko ukiishia majini, pima na wimbi. Vajont, Italia, majaribio kwenye kielelezo kidogo cha bwawa yalikisia wimbi la mita 25 hivi. Tarehe 9 Oktoba 1963 mlima ukaporomokea bwawani, maji yakaruka juu ya ukuta kwa zaidi ya mita 100, na watu karibu 2,000 wakafa.

Mengine ni ya kawaida. Kokotoa kwa ujazo tofauti tofauti wa udongo unaoporomoka, si mmoja. Muone mtendaji wa kijiji kwanza. Usirushe ramani mtandaoni kabla wenye viwanja hawajaiona, utazua ugomvi. Vaa viatu vya kueleweka. Na wingu likifunga juu mlimani, hata kama ufukweni jua linawaka, toka korongoni.