Late ya barafu kwa chujio la kahawa la India Kusini

Late ya barafu ya nyumbani huharibiwa mara nyingi na kitu kimoja: kahawa nyepesi. Dakika tano baada ya kumimina, barafu imeanza kuyeyuka na kwenye glasi umebaki na maziwa yenye rangi ya mchanga. Dawa yake ni kuanza na kahawa nzito kuliko unavyodhani inahitajika, na chujio la India Kusini linaitoa bila umeme, bila karatasi na bila mashine ya espreso. Kahawa hiyo nzito, nyeusi tii, huko Tamil Nadu, Karnataka na Kerala huitwa dikoksheni. Wenyewe huinywa moto, kwa maziwa yaliyochemka na sukari, katika bilauri ya chuma inayokaa ndani ya kibakuli kiitwacho dabara. Kuinywa kwa barafu kunataka kubadili vipimo kidogo. Vipimo vya hapa ni vya glasi mbili za mililita 350.

Chujio na unga

Chujio lina vipande vinne: kikombe cha juu chenye matundu madogo chini, kikombe cha chini kinachopokea, kibonyezo, na kifuniko. Kibonyezo ni kisahani chenye matundu na kishikio kirefu katikati, mfano wa mwavuli mdogo. Nunua chujio la chuma cha pua. La shaba linapendeza na lina heshima yake katika nyumba za Watamil, lakini ndani hupakwa bati, na bati likichakaa lazima lipakwe upya. Kabla ya kulipa, inua kikombe cha juu ukitazame kwenye mwanga: matundu yote yaonekane, yalingane, na yawe madogo kama ncha ya sindano. Matundu makubwa hupitisha unga, na hakuna ufundi utakaoliokoa chujio la namna hiyo.

Kwa unga, chagua mchanganyiko wa kahawa asilimia 80 na chikori asilimia 20. Chikori ni mzizi uliokaangwa na kusagwa. Hauna kafeini, lakini huachia rangi na uzito haraka kwenye maji, na ladha yake ya sukari iliyoungua hubaki hata barafu ikiyeyuka. Wapo wanaopenda 60 kwa 40 kwenye kahawa ya moto. Kwenye barafu usifike huko, kwa sababu baridi hupunguza utamu tunaousikia ulimini, na chikori nyingi huacha uchungu kama wa dawa ya mitishamba.

Kahawa ya Chikmagalur au Kodagu, zote za Karnataka, ndiyo ya asili yake. Huko Chikmagalur ndiko kuna milima ya Baba Budan, sufi ambaye mapokeo yanasema alirudi kutoka hija katika karne ya 17 na mbegu saba za kahawa kutoka Yemen. Lakini si lazima uagize India. Arabika ya Kilimanjaro iliyokaangwa ikakolea, ukiichanganya na robusta ya Bukoba sehemu tatu kwa moja, inakwenda vizuri sana, kwani robusta huongeza uzito. Chikori itafute kwenye maduka ya vyakula vya Kihindi. Ukiikosa, usitie kitu kingine badala yake: tumia kahawa tupu, isage laini kidogo zaidi, na punguza maji kutoka mililita 150 hadi 130. Kahawa ya kuyeyuka haina nafasi hapa, hata iwe na chikori ndani.

Usagaji uwe kama chumvi laini ya mezani. Sugua unga kati ya kidole gumba na cha shahada, usikie chembe. Ukiwa kama unga wa ngano, jiandae kwa hatua ya 3. Kinu cha mkono cha kahawa ni bora kuliko blenda ya viungo, ambayo hutoa vumbi na vipande vikubwa kwa pamoja: vumbi huziba matundu, na vipande hupitisha maji bila kutoa ladha.

Hatua ya 1: Pakia

Kausha kikombe cha juu kabisa. Tia gramu 30 za unga, yaani vijiko 6 vya chakula vilivyosawazishwa. Unga ufike kati ya theluthi na nusu ya kikombe. Gonga ubavuni mara mbili tatu ulale sawa, kisha weka kibonyezo juu na ukibonyeze kwa uzito wa kidole tu. Usishindilie. Kibonyezo kinabaki humo ndani hadi mwisho.

Hatua ya 2: Maji

Chemsha maji, epua, subiri nusu dakika. Mimina mililita 30 polepole juu ya kibonyezo, ili maji yasichimbe shimo kwenye unga. Subiri nusu dakika unga uvimbe na kutoa hewa, kisha mimina mililita 120 zilizobaki na ufunike. Hii si kahawa chungu ya kwenye dele inayokaa juu ya makaa. Hapa unga na maji havichemki pamoja hata kidogo.

Gramu 30 za unga hushika maji karibu mililita 60, kwa hiyo kikombe cha chini kitapata mililita 90 hivi. Usiongeze maji ili upate nyingi. Ukitaka nyingi, tumia chujio kubwa na unga mwingi. Kazi nzima huchukua dakika 20 hadi 40.

Hatua ya 3: Chujio likigoma kudondosha

Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa na kulirudisha chujio kabatini. Umemimina, umefunika, nusu saa imepita, ukiinua unakuta matone mawili. Sababu ziko kadhaa na kila moja ina tiba yake, kwa hiyo zipitie kwa mpangilio huu, kuanzia rahisi.

Kwanza, fungua kifuniko. Vifuniko vingine hukaza sana. Maji yanaposhuka, nafasi inayobaki juu haipati hewa ya kuijaza, na maji yanashikiliwa pale pale. Ikiwa matone yanaanza mara tu unapofungua, siku nyingine kiweke kifuniko upande kidogo.

Pili, inua kikombe cha juu kwa unene wa ukucha, kisha kirudishe bila kukikandamiza. Vikombe vinapokaliana kwa kubana, hewa ya kikombe cha chini haina pa kutokea. Matone ya moto yanaipasha, inatanuka, na inasukuma matundu kutoka chini. Ukikiinua utasikia mvuke ukipumua, halafu matone yanaanza kwa kasi. Hii ndiyo sababu inayosahaulika kuliko zote, na watu humlaumu muuza unga bure. Kama chujio lako lina tabia hiyo kila siku, kigeuze kikombe cha juu kidogo kila unapokiweka hadi upate mkao usiobana. Chujio la bei nafuu mara nyingi si duara kamili, na mkao huo upo.

Tatu, gonga ubavu wa kikombe cha juu kwa kijiko, mara tano sita, taratibu. Tone lililoning'inia chini ya tundu bila kuanguka huhitaji mshtuko mdogo tu.

Kama hayo matatu hayakusaidia, tatizo liko kwenye unga au kwenye matundu. Usikoroge. Kukoroga kunapeleka vumbi lote chini na kuziba matundu yaliyokuwa bado yanapumua. Usiongeze maji ya moto pia, kwa kuwa uzito wa maji hautafungua kilichoziba, utapata tu kahawa nyepesi baadaye. Na usibonyeze kibonyezo kwa nguvu kana kwamba unakamua nazi. Unga unakuwa kigaga kigumu na hata hewa haipiti.

Kuokoa kilichomo: toa kibonyezo, mwaga unga na maji yake yote kwenye kitambaa safi cha pamba kilichotandazwa juu ya jagi, uache kijichuje chenyewe. Usikamue kitambaa, maana ukikamua unapata tope. Dikoksheni hiyo itakuwa na uchungu kidogo, lakini kwa maziwa na barafu inanyweka.

Baada ya hapo tafuta chanzo. Osha kikombe cha juu, kiinue kwenye mwanga, uhesabu kwa macho matundu yaliyoziba. Yakiwa machache na chujio ni safi, unga ndio mwenye kosa: umesagwa laini mno, umeshindiliwa, au una chikori nyingi. Chikori ikilowa huvimba na kunata, na mchanganyiko wa 60 kwa 40 unaweza kuchukua saa nzima hata ukifanya yote sawasawa. Angalia pia unyevu. Katika miji ya pwani, pakiti iliyofunguliwa na kuachwa juu ya meza hushika unyevu, unga ukafanya madonge, na madonge hayo yakilowa hulala kama udongo. Hifadhi unga kwenye chupa ya kioo inayofunga vizuri, na uchote kwa kijiko kikavu.

Matundu mengi yakiwa yameziba, ni mafuta ya kahawa na vumbi vilivyoganda humo kwa wiki nyingi. Chemsha kikombe cha juu kwenye sufuria ya maji dakika 10, kisha kisugue chini kwa brashi ngumu, kutoka nje kuelekea ndani. Bado hakijafunguka? Kama ni chuma cha pua kitupu, kisicho na mpini wa plastiki, kishike kwa koleo na upitishe kitako chake juu ya moto wa gesi. Chembe zilizonasa zitang'aa kama vijinga vidogo, kisha zitazimika na kuwa majivu. Zima moto, acha kipoe chenyewe bila kukitumbukiza kwenye maji, kisha kioshe. Kamwe usifanye hivyo kwa chujio la shaba: bati la ndani huyeyuka kwenye nyuzi 232 tu, na moto wa jiko unapita hapo kwa urahisi.

Tatizo la kinyume chake ni chujio kumaliza kwa dakika tano. Unga ni mkubwa mno au haukubonyezwa kabisa. Dikoksheni hiyo inywe moto siku hiyo hiyo. Kwenye barafu itapotea.

Hatua ya 4: Sukari

Sukari haiyeyuki vizuri kwenye maziwa ya friji. Njia nzuri ni kuweka vijiko 3 au 4 vya chai kwenye kikombe cha chini kabla ya kumimina maji, matone ya moto yaiangukie, kisha ukoroge mwishoni. Kama mmoja anataka na mwingine hataki, tengeneza shira pembeni. Sukari guru inaendana na chikori kuliko sukari nyeupe: pasha gramu 100 kwa mililita 60 za maji hadi iyeyuke, kisha ichuje kwa kitambaa, kwani mara nyingi ina mchanga na nyuzi za miwa. Isubiri ipoe. Ukiitia kwenye maziwa ya moto, maziwa yanaweza kukatika.

Hatua ya 5: Poza kabla ya barafu

Hili wengi hulipuuza kwa haraka. Mililita 45 za kahawa yenye nyuzi 80, ukiimimina moja kwa moja kwenye barafu, huyeyusha karibu gramu 40 za barafu. Yaani umeongeza maji karibu sawa na kahawa yenyewe kabla hujatia hata maziwa. Maziwa ya joto la chumba nayo yanaongeza maji mengine kiasi hicho hicho.

Hamishia dikoksheni kwenye chupa ndogo ya kioo yenye kifuniko, iache ipoe, kisha iweke friji kwa saa moja au zaidi. Ukiitengeneza usiku, asubuhi kazi imekwisha. Inakaa siku mbili. Siku ya tatu harufu imeshapungua. Ukitaka ubora zaidi, gandisha sehemu ya dikoksheni kwenye trei ya barafu, ili kinachoyeyuka kwenye glasi kiwe kahawa.

Hatua ya 6: Maziwa

Yawe maziwa kamili ya ng'ombe, yasiyopunguzwa mafuta na yasiyotiwa maji. Kumbakonam, mji wa Tamil Nadu, umepata jina kwa kahawa yake kwa sababu hiyo hiyo ya maziwa halisi. Maziwa freshi yachemshe, yapoze, yaweke friji, na kabla ya kutumia yapitishe kwenye chujio la chai. Utando ule ulio mtamu kwenye kikombe cha moto, kwenye baridi unakuwa vipande vinavyoelea na kunata midomoni. Maziwa ya pakiti ya muda mrefu yanafaa pia, na yana utamu kidogo, basi punguza sukari.

Hatua ya 7: Changanya

Kwa kila glasi, kwenye chupa ya jemu iliyo safi tia mililita 45 za dikoksheni baridi, mililita 140 za maziwa baridi na vipande viwili vya barafu. Funga, tikisa sekunde 15, hadi povu lipande. Kule India povu hupatikana kwa kumimina kahawa toka juu, kutoka bilauri hadi dabara na kurudi. Kwenye baridi chupa inafanya kazi hiyo vizuri zaidi. Mimina kwenye glasi yenye gramu 100 za barafu mpya. Barafu iliyokaa wazi karibu na samaki kwenye friza usiitumie, kahawa itanuka.

Unga uliobaki na kuosha

Unga uliokwisha tumika unaweza kutoa dikoksheni ya pili kwa mililita 60 za maji ya moto. Ni nyepesi, ichanganye na maziwa ya moto, si barafu. Kisha mwaga unga kwenye ndoo ya taka au bustanini, si kwenye sinki, na osha chujio papo hapo kwa maji ya moto na brashi kabla mafuta hayajaganda. Lianike likiwa limefumuliwa, kikombe cha juu kikiwa kimepinduliwa ili matundu yakauke.