SOMO: Nesi, mikono nyuma! Kufundisha wodi ya wazazi kusaidia unyonyeshaji

Iringa mahindi yapo tele, lakini utafiti wa afya wa 2022 ulikuta karibu asilimia 57 ya watoto wa chini ya miaka 5 wamedumaa. Kitaifa ni 30. Sababu ni nyingi. Moja inaanzia kwetu wodini: mama anaruhusiwa huku mtoto hajashika ziwa vizuri. Usiku analia, bibi anakoroga uji mwepesi, kesho kutwa anaharisha.

Hatua ya 1. Tengenezeni ziwa la soksi. Jaza pamba, funga fundo liwe chuchu. Slaidi acheni, watu wanasinzia.

Hatua ya 2. Mikono nyuma. Hapa ndipo penye kazi. Nesi akikamata ziwa na kumsokomezea mtoto, atanyonya hapohapo; nyumbani mama hawezi. Onyesha kwenye soksi, mama afanye mwenyewe: tumbo kwa tumbo, pua ielekee chuchu, asubiri kinywa kipanuke kama cha mpiga miayo, ndipo amvute mtoto kwake. Kidevu kiguse ziwa, mdomo wa chini ubinuke nje, usikie akimeza. Mashavu yakibonyea, anavuta chuchu tu, aanze upya.

Hatua ya 3. Mtoto anyonye ndani ya saa ya kwanza, ngozi kwa ngozi. Dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama, isimwagwe.

Hatua ya 4. Mtihani: nesi akae na mama mmoja mtoto anyonye mpaka aachie mwenyewe. Simu mfukoni.

MASWALI

– Sista, aliyepasuliwa je?
Alale ubavu, au mtoto apitishwe kwapani asiguse kidonda. Hapo msaidie kumbeba mtoto. Ziwa bado si lako.

– Usiku tuko wawili, wazazi ishirini. Muda tutoe wapi?
Sikudanganyi, hautoshi. Kusanya vitanda vitatu, onyesha soksi mara moja, kisha anza na wa uzazi wa kwanza.

– Mwenye VVU?
Anameza ARV kila siku, ananyonyesha maziwa yake tu miezi 6, kisha anaongeza vyakula huku akiendelea. Mtoto apewe dawa kinga.

– Bibi akishikilia kuwa maziwa hayatoshi?
Mwite siku ya kuruhusiwa, mpe naye soksi. Halafu mwambie ahesabu nepi: kuanzia siku ya tano, zikilowa sita au zaidi kwa siku, sufuria ya uji ikae kabatini.